Nilichuja maombi ya kazi kwa jina la chuo. Naomba tuliongee hili jambo

Mwenye Uzi

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu kidogo, naomba mnivumilie. Nimekaa nalo hili jambo muda mrefu.

Nipo kwenye taasisi moja ya fedha hapa Dar, kitengo cha hesabu, huu ni mwaka wa saba. Taasisi siitaji. Miaka mitatu iliyopita tulitangaza nafasi sita za wahitimu wapya. Tangazo lilitaka shahada ya uhasibu, fedha, benki au uchumi, GPA (wastani wa alama za chuo) isiyopungua 3.5 kati ya 5 na umri usiozidi miaka 28. Neno chuo halikuwemo kabisa. Maombi yakamiminika, rasilimali watu wakaelemewa, wakaomba vitengo vitoe watu wa kusaidia kuchuja. Kitengo chetu kikanitoa mimi.

Nikaletewa faili la Excel, mistari mia tisa na kitu. Safu A jina, B jinsia, C chuo, D kozi, E GPA, F mwaka wa kuhitimu, G mengineyo. Mkubwa mmoja akaja akasimama nyuma ya kiti changu na kikombe chake cha chai, akaniambia, "Panga kwa C. Anza na Mlimani, IFM na Mzumbe. Ukipata sitini inatosha, hao wengine hatuna muda nao."

Nikapanga kwa C. (Mlimani ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, IFM ni Chuo cha Usimamizi wa Fedha.) Kazi ya dakika kumi.

Sasa mnielewe. Mimi sikusoma kwenye hivyo vyuo vitatu. Nilisoma chuo cha mkoani, kile ambacho ukikitaja mjini mtu anakuuliza, "Hicho nacho kiko wapi?" Kwa kipimo nilichotumia siku ile, mimi mwenyewe nisingeitwa. Na nilikuwa najua, mkono ukiwa kwenye kipanya.

Kabla sijafunga faili nikashuka chini kuangalia waliobaki. Nikakuta binti, GPA 4.6, na kwenye mengineyo ameandika kwamba amefaulu masomo yote ya Intermediate, ngazi ya kati ya mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, kwa mkupuo mmoja. Waliofanya mitihani ile wanajua maana yake. Chuo chake hakikuwa kwenye orodha. Kwenye sitini wangu walikuwemo wa 3.5 kamili. Binti hakuitwa, na mimi sikusema kitu. Nilikuwa bado sina cheo, nina mkopo wa chuo wa HESLB unakatwa kila mwezi, nikaona nisijiponze.

Huo ndio msingi wa uzi. Kila siku humu vijana wanabishana kama jina la chuo lina maana kwenye ajira za benki na ukaguzi wa hesabu. Upande mmoja unasema ni koneksheni tu, mwingine unasema ni GPA tu. Nilichokiona mimi ni kwamba jina la chuo linafanya kazi yake mapema, tena kimyakimya, na ukishavuka pale halina nguvu tena. Kwenye usaili sijawahi kusikia mtu akiulizwa, "Kwa nini hukusoma Mlimani?" Anayestahili kuulizwa hivyo hafiki kwenye usaili.

Na mapema zaidi ya kuchuja kuna fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Hapa ndipo watu wengi hawapaangalii. Mwanafunzi wa IFM anatoka darasani pale Shaaban Robert, anatembea kwa miguu, dakika chache yupo kwenye majengo ya Benki Kuu na ofisi za mabenki. Barua ya fildi anaipeleka mwenyewe masjala, anarudi keshokutwa kuulizia, anarudi tena wiki ijayo, mpaka dada wa mapokezi anamjua kwa jina. Wa Mlimani anapanda daladala moja. Mwenzao aliyeko Songea au Kigoma anahitaji nauli ya basi, mahali pa kulala, na ndugu wa kumvumilia wiki nane. Mwishowe anafanya fildi kwenye ofisi ya kata karibu na kwao, anabandika matangazo ukutani. Si kosa lake. Lakini miaka miwili baadaye mbele ya wasaili mmoja anaongelea jinsi alivyosuluhisha hesabu za benki za mwezi mzima, yaani kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, na mwingine hana cha kusema. Wasaili wanaandika "wa Mlimani yuko vizuri." Kilichomfanya awe vizuri ni ile daladala.

Kilichoniokoa mimi ni CPA, sifa ya kitaaluma ya uhasibu. Mtihani wa NBAA unafanyika Mei na Novemba, unaandika namba ya mtahiniwa, anayesahihisha hajui umesoma wapi wala baba yako ni nani. Nilipomaliza Final, ngazi ya mwisho, simu zilianza kupigwa na watu wale wale ambao miaka miwili nyuma hawakujibu hata barua pepe.

Naomba michango, hasa ya mliokaa upande wa kuajiri.

---

Binti wa Vimbweta

Mkuu umeandika kwa moyo na ninaheshimu. Lakini mimi ni wa Mlimani, B.Com, upper second ya 3.9, na huu ni mwaka wa pili niko nyumbani Mbagala nauza vocha za simu na maji ya baridi. Jina la chuo liko kwenye cheti na cheti kiko kabatini.

Nasema hivi kwa sababu watu wanaongea kama vile sisi tunatoka ukumbi wa Nkrumah pale chuoni tunaingia benki moja kwa moja. Hapana. Darasa letu tulikuwa wengi mno. Waliopata kazi ndani ya mwaka mmoja ninawahesabu, na karibu wote walikuwa na mtu ndani, au walisoma sekondari za kulipia na Kiingereza chao ni cha kumwagika. Mimi nimetoka shule ya kata Kilwa. Nimekesha kwenye vimbweta, zile meza za nje za kujisomea, na desa (notisi) za kuazima, bumu (pesa ya mkopo) likiisha nakula mihogo. Nikiitwa kwenye usaili najua jibu, ila linatoka polepole kwa sababu ninalitafsiri kichwani. Naona kabisa uso wa msaili unabadilika.

Kwa hiyo niseme hivi, jina la chuo limenifikisha kwenye usaili mara nne. Hilo sikatai, na sasa naona kuna mtu hakuitwa ili mimi niitwe. Ila kuingia ndani bado.

---

Mchujaji

Nipo rasilimali watu, zaidi ya miaka kumi kwenye sekta. Ngoja niwape upande wetu bila kupamba.

Nafasi sita, maombi elfu. Wa kuyasoma tupo wawili, na kazi nyingine hazijasimama: mishahara, likizo, nidhamu. Ukimwita mtu mmoja kwenye usaili unahitaji chumba, wasaili watatu wenye vyeo waache kazi zao, chai. Jina la chuo ni njia ya mkato. Tunajua waliingia Mlimani kwa ushindani mkubwa wa alama za kidato cha sita, hivyo tunachukulia kwamba kazi ya kuchuja ilishafanywa na chuo. Tunaazima mchujo wa mtu mwingine.

Ubaya wake ni huu: ule mchujo ulimpima kijana akiwa na miaka 19. Hausemi lolote kuhusu alichofanya miaka mitatu iliyofuata. Na kwenye GPA kila chuo kina mkono wake, kuna vyuo 4.4 inatolewa kwa tabu na vingine inatolewa kwa ukarimu. Tukiona 4.4 kutoka chuo tusichokijua tunasita. Mwenye 4.4 ya halali anaumia kwa sababu ya ukarimu wa walimu wa mwenzake.

Serikalini angalau wamelipunguza. Sekretarieti ya Ajira wanaita watu wengi kwenye mtihani wa mchujo wa kuandika kwanza, ndipo mahojiano. Unaweza kulalamikia foleni na nauli, lakini pale karatasi ndiyo inayoongea. Sekta binafsi wengi tunaanza na jicho.

---

Mzee wa Samora

Vijana, mimi nimestaafu benki, niruhusuni niseme ya zamani kidogo.

Sisi hatukuwa na haya. Benki zilitaifishwa Februari 1967, ikabaki NBC. Kijana wa kidato cha nne au cha sita aliyekuwa mzuri wa hesabu alichukuliwa, akawekwa kaunta, akafundishwa kazi humo humo ndani. Mameneja wangu wawili wa kwanza hawakuwa na shahada. Chuo kikuu chenyewe kilianza 1961 kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wa sheria. Edwin Mtei, gavana wetu wa kwanza wa Benki Kuu mwaka 1966, alisoma Makerere. IFM ilianzishwa 1972 kwa sheria ya Bunge, mahsusi kwa ajili ya watu wa fedha, ndiyo maana mpaka leo jina lake lina uzito ule kwenye mabenki. Walimu wao na mabosi wetu walikuwa watu wa rika moja, wanafahamiana.

Mambo yalibadilika baada ya sheria ya mabenki ya 1991. Standard Chartered wakarudi 1993, wengine wakafuata, na 1997 NBC yenyewe ikagawanywa ndipo ikazaliwa NMB. Wageni walikuja na utaratibu wa kuchukua wahitimu wachache na kuwakuza haraka kuwa mameneja. Hapo ndipo nilipoanza kusikia swali la "amesoma wapi?" Kabla ya hapo swali lilikuwa "amefanya tawi gani?" Mtu aliyetoka tawi gumu, tuseme la msimu wa pamba kule Shinyanga, tulimheshimu kuliko mwenye cheti.

Huyo binti wa 4.6 na Intermediate, siku zetu angekuwa mhasibu wa tawi ndani ya miaka mitatu. Inauma.

---

Mbongo wa Reading

Niwape ya huku Uingereza, maana watu wanadhani wazungu hawana haya mambo.

Wanayo, tena kwa utaratibu kabisa. Benki za uwekezaji za London zina vyuo zinavyovilenga, na kila mwanafunzi anavijua: Oxford, Cambridge, LSE, Imperial, UCL, Warwick. Wanaenda huko na meza zao, kalamu za bure na chakula cha jioni. Chuo nilichosoma mimi hawakuwahi kutia mguu. Nafasi za mafunzo ya majira ya joto ndiyo mlango wenyewe, ukizikosa mwaka wa pili umechelewa, na wenzako wa LSE walishaanza kuelekezwa tangu mwaka wa kwanza. Kwa hiyo Mwenye Uzi anachosema kuhusu fildi ni kile kile, mavazi tu tofauti.

Na mavazi siyo mfano wa maneno. Mwaka 2016 tume ya serikali ya huku inayoshughulikia nafasi za watoto wa maskini ilitoa ripoti kuhusu benki za uwekezaji, ikaeleza kwamba kijana wa kiume akivaa viatu vya kahawia na suti kuna wakubwa wanaomhesabia vibaya. Mtoto asiye na baba wa ofisini atajuaje? Nilisoma ile habari nikaangalia viatu nilivyokwenda navyo kwenye usaili wangu wa kwanza. Vya kahawia. Nilivinunua kwa pesa ya wiki mbili za usiku ghalani.

Lakini wapo waliojaribu kubadilika. Kampuni ya ukaguzi ya EY huku waliondoa daraja la shahada kwenye masharti yao mwaka 2015, wakasema hawakuona ushahidi kwamba kufaulu chuo kikuu kunaendana na kufaulu mitihani ya kitaaluma baadaye. Wanapima kwa majaribio yao wenyewe. PwC nao wakaondoa sharti la daraja mwaka 2022. Benki ya Goldman Sachs mwaka 2016 waliacha usaili wa kwanza wa ana kwa ana vyuoni, wakaufanya kwa video ili mtu wa chuo chochote aweze kuufanya. Sijasema yameisha. Ila mimi niliingia ukaguzi kwa mlango wa majaribio, isingekuwa hivyo ningekuwa ghalani mpaka leo.

---

Wa South B

Sasa jameni, salamu kutoka Nairobi. Huku kwetu ukitaja kampuni kubwa za ukaguzi watu wanakuambia Strathmore, na wana sababu, wale walianza kufundisha uhasibu tangu miaka ya sitini, kabla hawajawa chuo kikuu. Lakini CPA ya KASNEB, bodi yetu ya mitihani ya uhasibu, imefungulia wengi. Nina binamu alianza kuifanya akiwa Kakamega, hajakanyaga chuo kikuu, leo ni mhasibu wa kampuni ya usafirishaji na anaajiri wenye digrii.

Kitu kingine cha kuiga: benki ya Equity kwa miaka mingi wanachukua wanafunzi waliofanya vizuri sana KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, katika maeneo yenye matawi yao, wanawapa kazi ya kulipwa benkini kabla hawajaingia chuo kikuu. Mtoto wa Turkana anajua kaunta inavyofanya kazi kabla ya kujua lekcha ni nini. Hapo jina la chuo limekuta mtu ashaingia.

---

Mwenye Uzi

Nimesoma yote. Binti wa Vimbweta, umenigusa, na sikuwa nimelifikiria hilo la Kiingereza kwa uzito huo. Pole. Wasaili tunahesabu ufasaha kama akili, na hata mimi nimewahi kufanya hivyo.

Mchujaji, umesema mchujo wa kuazima. Sijawahi kulisikia likisemwa vizuri hivyo. Ngoja nimalizie habari, kwa sababu haikuishia pale.

Mwaka jana tulitangaza tena, nafasi nne, na nikaombwa tena. Safari hii nilikuwa na CPA na cheo kidogo. Kabla sijaanza nikaificha safu C. Nikapanga kwa E na G, yaani GPA na kama mtu amefanya somo lolote la NBAA. Halafu nikamwomba mkubwa kitu kimoja: kabla ya usaili tuwape jaribio la saa moja kwenye kompyuta. Taarifa ya benki ya mwezi mmoja, daftari la fedha la mwezi huo huo, na makosa kumi na mawili yamefichwa humo. Hundi iliyoandikwa 54,000 badala ya 45,000, makato ya benki yasiyoandikwa, malipo yaliyoingizwa mara mbili. Tafuta, rekebisha, eleza kwa maandishi, Kiswahili au Kiingereza.

Mkubwa alisita, akauliza ikiwa tutapata "watu wa maana." Nikamwambia tujaribu mara moja tu.

Niliwasimamia mwenyewe. Kuna kijana mmoja alikuja na shati lililofuliwa mpaka kola imeanza kuchanika, alikuwa amesafiri usiku kutoka Tabora na begi lake bado analo. Aliomba kalamu na karatasi kwanza. Robo saa nzima hakugusa kompyuta, anapiga tiki tu kwenye karatasi, mstari kwa mstari, kama walivyofanya wahasibu wa zamani. Nikaanza kumsikitikia. Halafu akaanza kuandika na hakusimama. Alipata kumi na moja kati ya kumi na mawili, hakuna aliyemfikia. Tulipofungua safu C tukakuta wawili kati ya wanne waliochukuliwa wanatoka kwenye vyuo ambavyo mara ya kwanza nilivifuta bila kuvisoma. Wawili wengine ni wa Mlimani na Mzumbe, na ni wazuri pia. Sijaja humu kuvisema vibaya vyuo hivyo. Vinafundisha vizuri.

Huyo wa Tabora anakaa meza ya tatu kutoka kwangu. Bado anapiga tiki kwa kalamu.

Binti wa 4.6 nimemtafuta kwa jina, sijampata.

---

Mwaka wa Pili Mwanza

Shikamooni kaka zangu na dada zangu. Nipo mwaka wa pili, uhasibu, chuo cha huku Mwanza, GPA yangu sasa ni 4.1. Fildi ni Julai. Kusema kweli uzi umenitisha. Dar sina ndugu. Nifanye nini?

---

Mwenye Uzi

Marahaba mdogo wangu. Usitishike, na usihangaike na Dar kama huna pa kulala.

Achana na matawi ya mabenki makubwa kama tegemeo lako pekee, hayo peleka barua lakini usiyasubiri. Tafuta kampuni ndogo za ukaguzi hapo hapo Mwanza. NBAA wanatoa orodha ya kampuni zilizosajiliwa, angalia zenye ofisi kanda ya ziwa. Ofisi ya watu watano itakupa vocha za malipo, faili na mteja wiki ya kwanza, kwa sababu haina watu. Ofisi ya watu mia tano itakupa mashine ya fotokopi. Nenda pia COASCO, wale wanaokagua vyama vya ushirika, na SACCOS zenye wanachama wengi. Kwenye SACCOS utaona mkopo unavyoombwa, unavyokataliwa, unavyochelewa kulipwa. Huo ndio uhai wa benki yoyote.

Barua ya utambulisho iombe chuoni sasa, usisubiri Juni. Toa nakala, ipeleke kwa mkono, na kila masjala hakikisha wanagonga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Ukirudi kuulizia unaonyesha muhuri, hawakuambii haijafika. Andika pembeni jina la aliyepokea.

Wakati wa fildi uwe na daftari lako. Kila jioni andika ulichogusa: "leo nimesuluhisha hesabu za Machi, nimekuta tofauti ya shilingi fulani, sababu yake hii." Majina ya wateja usiandike. Siku ya usaili hilo daftari ndilo litakaloongea.

Na ukimaliza chuo, jisajili NBAA kwa mtihani wa Novemba ule ule, kichwa kikiwa bado cha moto. Usiseme nitapumzika mwaka.

---

Mchujaji

Niongeze moja. Kwenye CV usianze na jina la chuo kwa herufi kubwa. Anza na ulichofanya fildi, mistari mitatu. Sisi jicho letu linasoma theluthi ya juu ya ukurasa wa kwanza.

Mwenye Uzi, hilo jaribio lako la makosa kumi na mawili naliiba. Tuna usaili mwezi ujao.

---

Binti wa Vimbweta

Mdogo wangu wa Mwanza, Kiingereza cha usaili kifanyie mazoezi kwa sauti, siyo kichwani. Mimi nimeanza, najibu maswali peke yangu asubuhi kabla sijafungua kibanda. Na Mwenye Uzi, nimejisajili Novemba.

---

Mwaka wa Pili Mwanza

Mrejesho. Nimepeleka barua sehemu tisa, zote zimegongwa muhuri. Mbili wamenipigia. Moja ni kampuni ya ukaguzi ya watu wanne ipo ghorofani karibu na stendi, mwenye ofisi ameniuliza kama naogopa vumbi la mafaili, nikasema hapana. Naanza tarehe 14 Julai. Daftari nimeshanunua.